Uso wa Shangazi Kwenye Kopo

Asubuhi shangazi yangu hasemi na mtu mpaka amalize kikombe chake cha maji ya uvuguvugu. Anakinywa akiwa amesimama, bega limeegemea mlango, macho yanatazama nje kwenye mwanga, na anameza polepole kama mtu anayesikiliza hatua za mgeni. Ukimwamkia kabla kikombe hakijaisha anakuonyesha kiganja: ngoja. Halafu anadondosha mafuta ya ufuta kwenye kiganja hichohicho, matone matatu, anasugua mikono mpaka yapate joto, anajipaka uso ukiwa bado una unyevu wa kunawa. Yanayobaki yanakwenda kwenye viwiko. Yanayobaki hapo yanashuka visiginoni. Akishamaliza visigino ndipo anaitikia, "Marahaba, mwanangu. Umelalaje?"

Na hilo swali la mwisho si salamu. Anataka kujibiwa.

Nimekaa naye chumba kimoja miaka mitatu, tangu nilipoacha shule, na sijaona siku aliyoruka hata tone moja. Ana miaka hamsini na miwili. Watu wasiomjua wanampa arobaini, na wanaume wenye maneno matamu wanampa thelathini na mitano. Ngozi yake ni nyeusi, imetulia, haina baka wala mng'ao wa kununua. Anayemuuliza siri humjibu, "Saa tatu kamili mimi nimeshazima taa. Siri iko kwenye mto." Watu wanacheka. Wanadhani anawaficha.

Kazi yake ilikuwa kuuza dawa za asili. Duka lilikuwa chumba kirefu chembamba, na harufu yake ilikufuata mpaka barabarani: mwarobaini, tangawizi kavu, sabuni. Upande mmoja magunia ya majani, upande wa pili chupa za mafuta, na mwisho kabisa kinu cha mkono. Kila gunia lilipoingia, shangazi alilifungua mwenyewe, akatia mkono mpaka kiwiko kikapotea, akatoa majani ya chini kabisa, akayanusa, akatafuna kidogo. Likinuka ukungu, linarudi na aliyelileta, hata akiwa na machozi. Kisha anasaga yeye. Miaka kumi na tisa hakuwahi kumpa mtu kitu ambacho ulimi wake haukukijua.

Mimi nilikuwa nasuka nywele kibarazani, chini ya dirisha la duka, na mkono wangu wa kushoto kulikuwa na kibanda cha fundi saa. Dirisha halikuwa na kioo, na nikiinua kichwa naona mpaka kwenye kinu. Kusuka ni kazi ya vidole, masikio yanabaki bure, kwa hiyo hakuna neno lililosemwa mle ndani likanipita.

Mbele ya meza yake shangazi aliweka kigoda. Mteja akiingia, kabla hajataja anachotaka, anaambiwa, "Kaa." Siku moja aliingia dereva wa lori, mtu mkubwa, macho mekundu kama nyanya.

"Mama, nipe kitu cha nguvu."

"Kaa."

"Sina muda wa kukaa, mama."

"Ndiyo maana huna nguvu. Kaa."

Akakaa. Kigoda kikalia chini yake.

"Jana umelala saa ngapi?"

"Saa saba hivi. Nane."

"Ukaamka?"

"Kumi na moja."

"Simu yako unaichaji kwa saa ngapi?"

Dereva akafikiri. "Inakaa usiku kucha."

"Kwa hiyo simu inakushinda wewe kwa heshima. Na asubuhi unakula nini?"

"Soda."

"Haya. Nenda ukalale kwanza. Siku saba, saa nane za usingizi kila siku, na kabla ya hiyo soda unywe maji na ule kitu chenye kutafunwa. Ukimaliza wiki bado umechoka, rudi, nitakuuzia gunia zima na wewe utalibeba kichwani."

Fundi saa alichomoa ile miwani yake ya jicho moja. "Dada! Umemfukuza tena! Hili duka litafungwa kwa usingizi!"

"Afadhali lifungwe kwa usingizi kuliko kwa uongo," shangazi akajibu, wala hakuinua kichwa.

Ndipo mtaa mzima ukamwita Lala Kwanza. Watoto walimwita hivyo, wauza mboga walimwita hivyo, hata barua ya mwenye nyumba iliwahi kuja na jina hilo juu.

Si kwamba hakuwa anauza. Aliuza sana, ila aliuza baada ya kuuliza. Kuna msichana alikuja na chunusi zimejaa mashavuni, anataka sabuni kali. Shangazi akamshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga.

"Unaosha uso mara ngapi?"

"Mara tano, mama. Kwa sabuni ya mche."

"Unaufua au unauosha? Uso si shuka, mwanangu. Ngozi imebaki inalia."

Akampa kipande kidogo cha sabuni laini na kichupa cha mafuta, akamwambia mara mbili kwa siku yatosha, maji yasiwe ya moto, asitumbue, na foronya ya mto aibadilishe kila baada ya siku mbili. Msichana akauliza, "Foronya?" Shangazi akamwambia, "Uso wako unalala wapi, kwenye sahani?" Nilicheka mpaka nikakosea mstari kichwani kwa mtu.

Mama mwingine alikuja kutafuta unga wa mlonge kwa sababu ya uchovu. Shangazi akamvuta ukope wa chini, akaona ndani kumepauka. Hakumpa mlonge. Alimwambia, "Hii siyo ya kwangu. Nenda hospitali ukapimwe damu, na uende leo." Alimsindikiza mpaka barabarani kuhakikisha amekwenda upande wa hospitali na si upande wa nyumbani.

Mwenye duka, ambaye sote tulimwita Mzee, alimpenda kwa hilo. Alikuwa akisema, "Mteja uliyemwambia ukweli anarudi na mama mkwe wake." Lakini miguu ya Mzee ilianza kuvimba, akawa hatoki nyumbani, na duka akamwachia mwanawe wa pekee. Huyo tulimwita Bosi Mdogo.

Bosi Mdogo hakuwa mtu mbaya, nataka niliseme hilo mapema. Alikulia kwenye yale magunia. Shangazi alimlaza juu ya majani ya mwarobaini alipokuwa na miaka mitano, mama yake alipokuwa mgonjwa, na mpaka leo anamwita mama. Aliwahi kuajiriwa kwenye kampuni moja ya kuuza vipodozi, kampuni ikafungwa, akarudi na suruali nzuri tatu na wasiwasi mwingi. Alikuwa na mtoto mchanga nyumbani. Alikuwa anaingia dukani asubuhi anapiga miayo mpaka masikio yanasogea.

Alianza na kigoda.

"Mama, nimekaa hapa wiki mbili naangalia. Katika watu kumi wanaokaa pale, sita wanaondoka mikono mitupu."

"Hawaondoki mikono mitupu. Wanaondoka na la kufanya."

"Mama, hili ni duka au kliniki?"

"Muulize baba yako, ndiye aliyekinunua hicho kigoda."

"Baba hakuwa na mshindani. Leo kuna maduka manne kutoka hapa mpaka kituo cha mabasi. Mtu anaingia, anachukua, anatoka. Hakuna anayemuuliza mteja amelala na nani."

"Mimi simuulizi amelala na nani. Namuuliza amelala saa ngapi."

Fundi saa alicheka mpaka akaangusha kibanio chake, na ile skurubu ya saa aliyokuwa ameishika hatukuiona tena. Tulitafuta wote, hata mteja wangu, nywele zimetimka nusu ya kichwa, akipapasa chini na sisi. Bosi Mdogo naye alicheka. Kigoda kikabaki.

Mwezi uliofuata akaja na jambo jingine. "Mama, Jumamosi anakuja mpiga picha."

"Wa nini?"

"Wa duka. Watu wanakuja hapa kwa ajili yako. Acha wakuone vizuri."

"Ya ukutani?"

"Ya dukani, mama. Ya dukani."

Hapo ndipo shangazi alipokosea, na mwenyewe amesema hivyo, kwa hiyo sioni haya kuandika. Hakuuliza swali la pili. Mtu wa maswali matatu kwa kila mteja, siku ile aliuliza moja akaridhika. Alifurahi. Hakuna mtu aliyewahi kutaka picha yake tangu picha ya kitambulisho. Siku tatu kabla ya Jumamosi alilala saa mbili badala ya saa tatu. Mchana alijilaza juu ya magunia na vipande vya tango machoni, na fundi saa akachungulia dirishani, "Dada, tango linaliwa, halivaliwi!" Alitoa kitambaa cha kichwa cha rangi ya zambarau ambacho sikujua kama anacho. Alipokaa mbele ya kamera akaambiwa acheke, akacheka kweli, meno yote.

Baada ya wiki tano yakaja makopo. Maboksi arobaini, yamejaa mpaka mlangoni. Kopo la kijani, refu, limefungwa kwa karatasi ya kung'aa, na kwenye karatasi uso wa shangazi na kile kitambaa. Chini yake imeandikwa: NGUVU YA ASILI. SIRI YA NGOZI YANGU NA NGUVU ZANGU.

Shangazi alilishika kwa mikono miwili. Alilisogeza mbali, akalisogeza karibu.

"Mbona wamenipausha? Huyu ni mimi nikiwa na homa?"

"Ni mwanga wa mashine, mama," Bosi Mdogo akasema. "Umependeza."

"Na ndani mna nini?"

"Vitu vya asili. Mlonge, tangawizi, na vingine. Wanachanganya kiwandani, kwa usafi. Usihangaike tena na kinu, mama. Mgongo wako upumzike."

Shangazi akaitikia kwa kichwa. Kisha akafanya kitu ambacho sikukitegemea: alichukua kitambaa akayafuta makopo vumbi moja baada ya jingine, akayapanga rafuni, kila uso umeelekea nje. Moja akaja nalo nyumbani, akaliweka juu ya kabati, karibu na kioo. Halikufunguliwa. Wiki nzima nililitazama nikijiuliza mbona hatii ulimi, yeye anayetafuna majani ya chini ya gunia. Siku moja nikapata ujasiri nikamuuliza. Akasema, "Kopo lenye uso wako unalifungulia nini? Si unajijua?" Akacheka, nami nikacheka. Lakini usiku wake niliona amelitazama muda kidogo kabla ya kuzima taa.

Makopo yalitoka. Hayo nasema niliyoyaona: watu waliacha kukaa kwenye kigoda. Waliingia, wakaonyesha kopo kwa kidole, wakaonyesha shangazi kwa kidole, wakacheka, wakaondoka nalo. Maboksi mengine yalipakiwa kwenye gari yakaenda maduka ya mbali. Bosi Mdogo mwenyewe alikuwa anakunywa. Alikoroga kwenye kikombe kikubwa asubuhi, akakoroga tena mchana, na magoti yake yakawa yanacheza chini ya meza kama cherehani.

Mwalimu alikuja siku ya Jumatano, jua likiwa utosini. Alikuwa mwalimu wa chekechea, msichana wa miaka ishirini na kitu, na shangazi alimjua vizuri. Miezi miwili nyuma alikuwa amekaa kwenye kigoda analalamika hana nguvu na uso umeharibika, na shangazi akamnyima dawa kabisa. Alimwambia aache chai baada ya saa kumi jioni, atembee kwa miguu kutoka shuleni mpaka nyumbani, awe kitandani saa tatu. Baada ya wiki tatu alirudi kushukuru, mashavu yamejaa, amebeba ndizi.

Sasa mashavu yale yalikuwa na vidonda vidogovidogo vyekundu, vingine vina damu iliyokauka. Chini ya macho kumeingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa, kaa mwanangu. Uso umefanya nini?"

"Ni mimi. Najikuna bila kujua. Usiku nakuwa macho, mikono inakosa kazi."

"Unalala saa ngapi?"

"Silali, mama." Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Siku kumi na nane. Nafunga macho, moyo unakimbia. Alfajiri napata usingizi kidogo, saa inalia. Na ninafuata maelezo yako yote."

"Maelezo yangu yapi? Niliyokupa hapa?"

"Haya." Akafungua mkoba akatoa kopo. "Nililiona kwenye duka karibu na shule. Nikaona uso wako nikasema, kumbe mama ametengeneza dawa. Nikanunua siku hiyohiyo."

Akasoma maandishi ya nyuma, kidole kikifuata mstari kama anavyowafundisha watoto: kijiko kimoja asubuhi, vijiko viwili kabla ya kulala.

Shangazi alilichukua. Nikaacha kusuka. Alinusa. Akatia ncha ya kidole kwenye unga, akaweka kwenye ulimi, akafunga macho. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko anavyokaa kwa gunia lolote.

"Kahawa," akasema.

"Kahawa?"

"Kahawa, na sukari iliyounguzwa ili ifiche. Mlonge umo, lakini kama chumvi kwenye mboga." Akatema kwenye kitambaa. "Umekunywa kahawa vijiko viwili kabla ya kulala, siku kumi na nane."

Mwalimu alianza kucheka, halafu ikawa si kicheko. Ndipo akasema lililomleta. Jumatatu alisinzia mezani mbele ya darasa. Dakika chache tu. Watoto wanne walifungua geti wakatoka. Muuza mboga wa ng'ambo ndiye aliyewashika, wawili walikuwa wameshaingia barabarani. Hakuna aliyeumia. Mwalimu mkuu amempa nafasi moja ya mwisho.

"Mama, mtu mwingine angeniuzia, siku ya tatu ningelitupa. Nilikuwa naona kabisa halinifai. Lakini nilijiambia, Lala Kwanza hawezi kunidanganya. Nikaongeza kijiko."

Shangazi alimshika mkono. "Nimekukosea."

"Si wewe, mama, ni wao wa kiwanda..."

"Uso ni wa nani hapo?"

Mwalimu akalitazama kopo.

"Haya, sikiliza. Kopo hili usiliguse tena. Kesho na keshokutwa kichwa kitakuuma, kitagonga kweli, usiogope, ni kahawa inatoka. Kunywa maji. Kucha zikate leo, fupi kabisa. Vidonda usivipake kitu, osha kwa maji tu viachwe vikauke. Moyo ukiendelea kwenda mbio baada ya siku tatu, usije kwangu, nenda hospitali. Na kwa mwalimu mkuu nitakwenda mimi mwenyewe nikamwambie ilivyokuwa."

Akamsindikiza mpaka nje. Aliporudi hakuketi. Alikwenda mpaka mwisho wa duka alikokuwa Bosi Mdogo, kati ya maboksi, akaliweka kopo mbele yake.

"Hii ni kahawa."

Bosi Mdogo akakuna shingo. "Kahawa ni mmea, mama. Imetoka ardhini kama mlonge. Hakuna uongo hapo."

"Umeniandika kwamba ndiyo siri yangu."

"Ni matangazo tu. Kila mtu anajua matangazo."

"Yule msichana hakujua. Karibu apoteze watoto wa watu." Sauti yake ilikuwa ya chini, lakini kibarazani ilitufikia wote. "Toa uso wangu kwenye makopo."

"Mama, makopo mia nne yako njiani. Karatasi zimeshachapwa za mwaka mzima. Nibandike uso gani? Huu?" Akajipiga shavuni. Lilikuwa shavu la kijivu, na jicho juu yake lina mishipa myekundu. "Nani atanunua nguvu kwa uso huu?"

Shangazi alimtazama. Nadhani hasira ilimpungua kidogo, maana alimuuliza kwa ile sauti ya kigodani. "Wewe unalala saa ngapi?"

"Mama, usinianze."

"Saa ngapi, baba?"

Bosi Mdogo alifumba macho. "Mbili," akasema. "Siku nyingine mbili na nusu. Mtoto analia, na asipolia nasubiri alie. Nawaza duka. Nawaza baba akifa wakaja kusema mimi ndiye niliyelifunga."

"Basi hata wewe hiyo kahawa inakuumiza."

"Inaniweka macho. Nahitaji kuwa macho." Akamshika shangazi mikono yote miwili, kama mtoto anayeomba. "Mama, mwaka mmoja. Nivumilie mwaka mmoja tu. Huna haja ya kusema lolote. Kaa pale mbele, uonekane. Basi."

Shangazi aliitazama ile mikono. Mimi nilijua anachopima. Duka lile ndilo lililotulipia chumba na chakula miaka yote, na mwanamke wa miaka hamsini na miwili anayejua kunusa majani hatafutwi na waajiri. Upande wa pili kulikuwa na neno lake. Hakuwa na kitu kingine cha kuuza. Watu walikuwa wanakubali kulala kwa sababu yeye ndiye aliyewaambia walale.

Simu ikalia. Bosi Mdogo akaipokea, akakaa wima, sauti ikabadilika ikawa ya suruali nzuri. "Ndiyo, mzee wangu. Ndiyo, maboksi ishirini yapo. Yule wa kwenye kopo? Ni mtu wa kweli kabisa, si picha ya mtandaoni, yupo hapa mbele yangu. Anaitumia kila siku. Miaka hamsini na miwili, mzee wangu, ungemwona! Ngoja, ongea naye mwenyewe."

Akamnyooshea simu. Mkono wake mwingine aliuweka kifuani, kuomba. "Neno moja tu, mama," akanong'ona. "Sema ndiyo."

Shangazi aliipokea simu. Aliishika mbali kidogo na sikio, kama anavyoshika simu siku zote.

"Habari za huko, kaka," akasema. "Uso ni wangu. Unga siujui."

Akairudisha. Nilisikia sauti ya yule mtu ikiita halo, halo, kwenye kiganja cha Bosi Mdogo, naye amesimama tu, hakuiweka sikioni wala hakuizima.

Shangazi alifungua aproni mgongoni. Fundo lilikuwa gumu, likamchukua muda, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Aliikunja mara nne, akaiweka juu ya mizani. Mshale wa mizani ukasogea kidogo. Kisha akavaa viatu vyake vya nje, akaweka vile vya ndani pembeni mwa mlango vikiwa sambamba, akashuka ngazi mbili za baraza.

"Dada," fundi saa akaita, safari hii bila mzaha, "bado mapema. Unakwenda wapi?"

"Kwa mwalimu mkuu wa yule msichana. Wanafunga saa nane."

Alisimama ukingoni mwa barabara, akangoja lori la mchanga lipite, akavuka. Mimi nilikuwa na kichwa cha mtu mikononi, nusu kimesukwa nusu bado, siwezi kukimbia. Nilimtazama akipita kwenye duka la vioo, akipita kwenye pampu ya maji ambako wanawake walimsalimu akawajibu kila mmoja, akakata kona.

Ndani Bosi Mdogo alitoka mpaka mlangoni, simu bado mkononi. "Atarudi," akaniambia mimi, kwa kuwa ndimi ninayekaa naye. "Akishatulia atarudi. Miaka kumi na tisa, atakwenda wapi?"

Kesho yake alifungua duka mwenyewe, na keshokutwa yake, na wiki nzima ile. Shangazi hakurudi dukani.